Pakiti tisa zenye neno "mimea", na mgonjwa mmoja wa alfa-gali

Kati ya pakiti tisa nilizozipanga mezani, zote zimeandikwa kwa mbele kuwa ni chakula cha mimea, tena kwa herufi kubwa na kajani ka kijani pembeni. Nne zimemfaa mume wangu. Mbili wanakula watoto, yeye hagusi. Mbili sitaki kuziona tena ndani ya nyumba hii. Moja ilinichukua wiki tatu kuiamua, na hiyo nitaieleza mwishoni.

Nilipoanza kununua vyakula hivi nilikuwa na hesabu rahisi kichwani: mzio wake, huo uitwao alfa-gali, ni wa nyama, chakula cha mimea hakina nyama, basi yameisha. Hayakuisha. Ndiyo maana naandika, nikimfikiria mtu aliyetoka kupewa majibu ya damu jana, ambaye leo yuko mbele ya rafu na hajui aanzie wapi.

Mume wangu aliumwa na kupe kifundoni. Akamng'oa, akajikuna siku mbili tatu, akasahau. Wiki kadhaa baadaye tulikula nyama ya ng'ombe saa tatu usiku, saa nane akaniamsha. Viganja vinamuwasha mpaka anavisugua kwenye godoro, mabaka yamepanda hadi shingoni, mdomo wa chini umevimba, tumbo linamkata. Mahali tulipokimbilia walimtibu vizuri, lakini kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa akitafuta kitu alichokula au alichogusa muda uleule. Hakuna aliyewaza chakula cha saa tano zilizopita. Ilibidi yamkute mara tatu ndipo daktari mmoja akauliza swali la kupe.

Mzio huu huchelewa hivyo, saa mbili hadi sita baada ya kula. Kinachousababisha ni sukari, si protini kama ilivyo kwa karanga au samaki. Sukari hiyo, alfa-gali, imo mwilini mwa karibu kila mnyama anayenyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, swala. Sisi binadamu, sokwe, na nyani wa Afrika na Asia hatunayo, kwa hiyo mwili wetu unaweza kuijengea kinga ukifundishwa vibaya, na mwalimu mbaya ni mate ya kupe. Marekani kupe anayetajwa zaidi ni Amblyomma americanum, Ulaya ni Ixodes ricinus, Australia ni Ixodes holocyclus. Kwa kuwa ni sukari, mwanzoni madaktari hawakuitafuta huko kabisa. Ilijulikana vizuri mwaka 2008, pale watafiti walipoeleza kwa nini baadhi ya wagonjwa wa saratani Marekani walikuwa wakipata mshtuko wa mzio walipochomwa dawa ya setuksimabu: dawa yenyewe ilikuwa na alfa-gali, na kinga dhidi yake walikuwa nayo tayari mwilini.

Rangi ya nyama haisaidii kitu hapa. Watu wanamwambia "acha nyama nyekundu", lakini nyama ya mbuni na ya bata ni nyekundu na kwake ni salama, maana ni ndege. Nguruwe anayeitwa nyama nyeupe ndiye wa kukimbia. Kuku, mayai, samaki, kamba na asali anakula bila shida. Maziwa kwake hapana. Wagonjwa wengi wa alfa-gali wanayavumilia, yeye krimu ilimrudisha kitandani na mabaka, na daktari wake akayaondoa yote. Kwa hiyo unaposoma hukumu zangu hapa chini kumbuka nampimia mtu asiyetumia maziwa pia. Kama wewe unayatumia, moja ya pakiti nilizozikataa huenda ikakufaa.

Nianze na zile nzuri.

Chapati za baga za kampuni ya Beyond (si za unga, ni vile vipande bapa vya mfano wa nyama), zenye protini ya njegere. Nilisoma orodha yote mara mbili kwa kamera ya simu, nikiivuta hadi kila herufi ijae kioo. Protini ya mimea, mafuta ya mimea, wanga, rangi ya kiazi chekundu, na methiliselulosi, neno lililonitia hofu mpaka nilipolifuatilia: ni nyuzi za mimea zilizochakatwa, na kazi yake ni kushikamanisha chapati inapopata moto. Kwenye kikaango utaiona kazi hiyo. Ikiwa baridi chapati ni laini inakatika, ikishika moto inakaza. Ladha ina kanjegere fulani nyuma ya ulimi ambayo mume wangu haipendi sana, lakini anakula na kulala usingizi wake, na kwangu hilo ndilo la kwanza.

Chapati za kampuni ya Impossible, za soya. Hizi ndizo zilizotuletea kisa. Nilizikaanga nje zikaiva, ndani nikaziacha laini, akakata kipande cha kwanza na sahani ikapata majimaji mekundu. Akaweka uma chini. Hakusema neno, akaisukuma sahani taratibu hadi katikati ya meza na kunitazama. Mtu aliyewahi kuamka usiku akihangaika kuvuta pumzi hachukui dhamana ya rangi ile. Nikaleta pakiti, tukasoma pamoja, kidole changu kikipita neno kwa neno. Wekundu ule ni leghemoglobini ya soya: inafanana na kile kinachoipa damu wekundu, ila asili yake ni mizizi ya soya, na kiwandani inatengenezwa na hamira iliyopewa maelekezo ya kijeni. Hakuna mnyama anayenyonyesha popote katika safari hiyo. Alikula robo siku ile, kesho yake akala nzima. Kwa ladha, ndiyo iliyo karibu zaidi na kitu anachokikumbuka, na nilimwona akitafuna polepole kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi.

Pakiti ya tatu ni Quorn, na ningependa wagonjwa wengi zaidi wa alfa-gali waielewe. Malighafi yake ni kuvu, Fusarium venenatum, na imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1985, ilipoanzia Uingereza. Aina nyingi hushikamanishwa na ute wa yai, kwa hiyo hazina nembo ya vegani, yaani mtu asiyekula chochote cha mnyama, zina ya vejeteriani tu, yaani asiyekula nyama ila mayai na maziwa anaweza kula. Nusu ya watu wanaotoa ushauri wangeniambia niiache. Lakini yai la kuku halina alfa-gali! Mume wangu anakula mayai kila asubuhi. Vipande vile vya kuvu vinanyonya mchuzi vizuri kuliko soya kavu, na havitoi ile harufu ya maharage mabichi. Angalia kitu kimoja tu: baadhi ya aina zao zina maziwa ndani, kwa hiyo kila umbo na kila ladha isomwe upya. Niliyoichagua haina.

Ya nne ni maziwa ya oti, na sina mengi ya kusema. Maji, oti, mafuta kidogo ya mbegu, chumvi, vitamini. Nilichokikagua ni vitamini D. Ikiwa ni D2, haina shaka. D3 mara nyingi hutokana na lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, ingawa ipo pia ya kuvumwani. Hii ina D2. Inaganda kidogo kwenye chai ya moto sana ukiimimina kwa haraka.

Sasa mbili za watoto.

Maziwa ya lozi na vipande vyembamba vya "nyama" ya kuwekea mkate, kampuni mbili tofauti, kosa moja, kama ni haki kuliita kosa. Zote zina karajinani, E407 kwa hesabu ya Ulaya, na ukikuta E407a ni jamaa yake wa karibu. Karajinani ni mwani mwekundu, mmea wa baharini, na mtu wa vegani hana sababu yoyote ya kuukataa. Tatizo ni kwamba mwani huo umejengwa kwa sukari za galaktosi zilizoungana, na baadhi ya maungano yake yanafanana na ule muungano unaoipa alfa-gali jina lake. Wapo wagonjwa wanaokula bila kuhisi chochote, na wapo wanaodhurika. Mume wangu hatujui yuko kundi gani, na sitaki kulijua saa nane za usiku. Siku akipimwa chini ya macho ya daktari tutabadilisha. Mpaka hapo vinakaa rafu ya chini ya friji, rafu ya watoto, na kila pakiti nimeichora mstari mwekundu kwa kalamu.

Mimi hapo ndipo nilipoelewa kuwa maswali ni mawili, na watu wanatupa jibu la lile lisilo letu. Vegani anauliza: je, kuna mnyama yeyote aliyetumika? Sisi tunauliza: je, kuna kitu cha mnyama anayenyonyesha, au kinachofanana na sukari yake? Nilijaribu programu ya simu ya vegani, inayosoma msimbo wa pakiti na kukuwekea rangi: kijani kula, nyekundu acha. Maziwa ya lozi yenye karajinani iliyapa kijani. Quorn ikaipa nyekundu kwa sababu ya yai. Biskuti zenye asali, nyekundu. Peremende yenye rangi ya E120, inayotokana na wadudu, nyekundu. Programu haikukosea hata mara moja katika kazi iliyotengenezewa, ila kama ningeifuata ningemnyima mume wangu asali na kumpa karajinani. Nimeifuta.

Nembo nazo nimezikagua kwa moyo uleule. Ya The Vegan Society, lile ua la alizeti lililoanza mwaka 1990, ndiyo ninayoianzia nikiwa na haraka, kwa sababu kuna mtu aliyeuliza kiwanda asili ya kila kiambato, zikiwemo glisirini na ladha. V-Label pia, ila tazama neno lililo chini ya ile V, kama ni vegani au vejeteriani. Neno "vegani" au "mimea" lililochapwa na kampuni yenyewe bila nembo nalichukulia kama tangazo. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haina tafsiri ya kisheria ya neno vegani kwenye chakula. Nembo ya halali haitusaidii, maana jelatini, ile gundi ya ngozi na mifupa, ya ng'ombe aliyechinjwa vyema ni halali na kwa mume wangu ni sumu. Nembo ya pareve ya Wayahudi inasaidia sana upande wa maziwa, na inamaanisha pia hakuna nyama, lakini wako wasimamizi wanaoihesabu jelatini ya ngozi kuwa pareve, kwa hiyo bado lazima ugeuze pakiti. Na hata lile ua la alizeti haliahidi kwamba hakuna chembe ya maziwa iliyorukia kutoka mashine ya jirani. Maneno "huenda ikawa na maziwa" unaweza kuyakuta chini yake, na si udanganyifu: nembo inazungumzia kilichowekwa kwa makusudi.

Yale maandishi mazito yanayoorodhesha vitu vya mzio ndiyo yanayowadanganya wageni wa ugonjwa huu kuliko yote. Marekani vitu vinavyolazimika kutajwa ni tisa, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, kuanzia Januari 2023. Umoja wa Ulaya vipo kumi na vinne. Maziwa yapo kote kuwili. Nyama ya mnyama anayenyonyesha haipo, jelatini haipo, mafuta ya nguruwe hayapo. Pakiti inaweza kukosa onyo lolote na bado ikamlaza mtu hospitalini bila kampuni kuvunja sheria. Kwa hiyo sianzii tena kwenye herufi nzito. Nasoma zile nyembamba, zote, hadi nukta.

Mbili nilizozikataa, nitazieleza kwa hasira kidogo, mtanisamehe.

Ya kwanza ni jibini. Mbele: "isiyo ya maziwa", picha ya maharage ya soya. Nyuma, mstari wa nne: kaseineti, yaani protini ya maziwa ya ng'ombe, imewekwa ili jibini ivutike ikiyeyuka. Marekani sheria inakubali maneno hayo mawili yakae kwenye pakiti moja, alimradi pembeni ya kaseineti iandikwe kuwa imetokana na maziwa. Imeandikwa, kwenye mabano, kwa herufi ndogo kuliko punje ya mchanga. Mwenye tumbo lisilopatana na laktosi, sukari ya maziwa, huenda ikamfaa, na nadhani ndiye waliyemfikiria. Mume wangu alikuwa ameshakata kipande. Kilikuwa mkononi, hakijafika mdomoni, nilipomshika kiwiko.

Ya pili ni vidonge vya lishe vya mizizi na majani. "Nguvu ya mimea asilia." Unga wa ndani ni mimea kweli. Ganda lake ni jelatini. Yaani mmea umefungwa ndani ya ngozi na mifupa ya mnyama, halafu mbele ya chupa pakachorwa jani. Ukitaka vidonge tafuta vilivyoandikwa ganda la selulosi, na uangalie pia magnesi stearati, E470b, inayowekwa ili unga usigande kwenye mashine: inaweza kutoka kwenye mmea, inaweza kutoka kwenye mafuta ya ng'ombe, na orodha haikwambii. Vivyo hivyo glisirini, E422, na monoglisiridi na diglisiridi, E471. Ni maneno yaleyale kwa asili mbili tofauti. Dawa za hospitali nazo zina mambo haya, kwa hiyo sasa hatupokei kidonge chochote kabla ya kumwambia mfamasia neno alfa-gali na kumwandikia kwenye karatasi, maana wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwetu.

Imebaki ya tisa, unga wa supu ya mboga.

Orodha yake ni fupi na safi: chumvi, mboga kavu, wanga wa mahindi, dondoo ya hamira, mafuta ya mimea, halafu "ladha asilia". Maneno hayo mawili. Kwa sheria ya Marekani ladha asilia inaweza kutoka kwenye tunda, kiungo, hamira, nyama au maziwa. Pakiti ina neno mimea lakini haina nembo ya mtu wa nje. Nikaiandikia kampuni. Siku ya nne nikajibiwa kwa adabu kwamba bidhaa yao ni rafiki kwa walaji mboga na wananishukuru kwa kuwachagua. Nikaandika tena, mara hii bila salamu ndefu. Niliwauliza mambo matatu: Je, katika ladha asilia, na katika kile kinachobeba ladha hiyo, kuna chochote kilichotoka kwa ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, yakiwemo maziwa? Glisirini imetumika, na kama ndiyo, ni ya mmea gani? Mashine hiyohiyo inapitisha supu ya nyama, na ikipitisha, inasafishwaje kabla?

Nawasihi muulize hivyohivyo. Ukiuliza "je, ni vegani?" utapewa jibu la vegani. Ukisema "nina mzio" bila kutaja mnyama, watakutumia ile orodha ya vitu tisa. Taja ng'ombe. Taja maziwa. Mtu wa huduma kwa wateja hatajua alfa-gali ni nini, lakini atampelekea swali mtu wa maabara, na huyo anajua alichonunua.

Zilipita wiki mbili na kitu. Pakiti ilikaa juu ya kabati ikiwa haijafunguliwa, na mume wangu akipita anaigusa kwa kidole kama mtu anayemkumbusha mwenzake deni. Supu alikuwa ameikosa kuliko hata nyama. Kisha jibu likaja, limesainiwa na mtu wa idara ya ubora, lina mistari sita tu. Ladha ni dondoo za kitunguu, figili na hamira. Kibebeo ni wanga wa mahindi, glisirini haipo. Kiwanda hakipokei nyama wala maziwa. Na akaongeza ambalo sikumuuliza: kwamba wakibadilisha msambazaji wa ladha, orodha ya nyuma haitabadilika, kwa hiyo niwaandikie tena baada ya mwaka. Barua nyingi za kampuni nimezisoma tangu mume wangu augue. Hiyo nimeichapa na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Tuliifungua Jumamosi saa sita mchana. Kitu kipya hatukijaribu usiku, kwa sababu ya zile saa sita: nataka zipite mchana, nikiwa macho, simu imejaa chaji, sindano ya adrenalini juu ya meza na si ndani ya mkoba. Hakufanya kazi nzito siku hiyo wala hakunywa pombe, maana vyote viwili vinaweza kuchochea mwili. Alikunywa bakuli moja. Saa nane nikamtazama viganja. Saa kumi nikamtazama tena. Saa kumi na mbili jioni alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu kabla sijamwambia, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza kama imebaki.